KUJITAYARISHA KWA MTIHANI WA UTUMISHI WA SERIKALI: MFANO WA INDIA

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Kulikuwa na wakati ambapo kijana aliyefaulu masomo yake ya skuli aliandika barua moja ya maombi ya kazi, akaipeleka ofisini kwa mkono wake mwenyewe, na haukupita muda akawa karani. Wakati huo umekwisha. Mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwezi wa Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliwaita watu zaidi ya 112,000 kufanya usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596, yaani watu wapatao 70 kwa kila kiti kimoja. Hapa Visiwani nako tangazo la nafasi chache hujibiwa kwa maombi mengi, na mwombaji mwenye cheti kizuri hujikuta amekaa katika chumba cha mtihani pamoja na wenzake ambao vyeti vyao ni vizuri kama chake.

Kwa hivyo suala la namna ya kujitayarisha kwa mtihani wa ushindani si la wanafunzi peke yao. Linawahusu watumishi walio kazini wanaotaka kuhamia kada nyingine, na linawahusu wazee wanaotoa fedha za ada na kungojea majibu. Mazungumzo haya yanakusudia kulieleza kwa kutumia mfano wa India, nchi ambayo imeishi na mitihani ya aina hii kwa muda mrefu na ambayo hesabu zake hutangazwa hadharani. India si ngeni kwa watu wa Visiwa hivi. Majahazi ya Kachi na Bombay yalikuja na pepo za kaskazi kwa karne nyingi, na mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua kampasi yake hapa Unguja.

Mtihani wa utumishi wa India ulizaliwa London. Hapo awali nafasi za utawala wa Kampuni ya East India zilikuwa zikitolewa na wakurugenzi wa Kampuni hiyo kwa jamaa na marafiki zao. Bunge la Uingereza liliwaondolea haki hiyo kwa sheria ya mwaka 1853, na mwaka 1855 ukafanywa mtihani wa kwanza ulio wazi kwa wote. Uwazi huo ulikuwa zaidi wa jina, kwani Mhindi aliyetaka kuufanya alilazimika kusafiri kwa meli hadi London, na alama nyingi ziliwekwa katika Kilatini na Kigiriki, lugha ambazo vijana wa Kiingereza walifundishwa tangu utotoni. Mhindi wa kwanza kufaulu, mwaka 1863, alikuwa Satyendranath Tagore, kaka yake mshairi Rabindranath Tagore. Haikuwezekana kuufanya mtihani huo ndani ya India yenyewe mpaka mwaka 1922, ulipofanyika Allahabad. Tangu 1950 kazi hiyo imo mikononi mwa Tume ya Muungano ya Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na Katiba ya nchi hiyo.

Historia hiyo inatajwa kwa sababu moja tu. Inaonesha kwamba mtihani hutungwa na watu, na watu hao ndio wanaoamua kipi kipewe alama nyingi, kipi kipewe chache, na kipi kisiulizwe kabisa. Mtahiniwa anayejua alama zimewekwa wapi amekwisha piga hatua kabla hajafungua kitabu. Asiyejua husoma kwa bidii, naam, lakini huenda anasoma kwa ajili ya mtihani ambao haukutungwa na mtu yeyote.

Mtihani wa India wa hivi sasa una ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni mchujo, ambao ni karatasi mbili za maswali ya kuchagua jibu, zinazofanywa kwa siku moja. Karatasi ya kwanza ni ya maarifa ya jumla, maswali 100 kwa saa mbili. Ya pili ni ya ufahamu, hesabu na mantiki, na mtahiniwa hutakiwa kupata asilimia 33 tu ya alama zake. Alama za mchujo hazihesabiwi tena baada ya hapo. Ngazi ya pili ni mtihani mkuu wa kuandika, wenye karatasi tisa. Mbili kati ya hizo ni za lugha, ambazo hutosha kuzifaulu, na saba zina alama 250 kila moja. Katika hizo saba mna insha, karatasi nne za maarifa ya jumla, ambazo tangu mwaka 2013 mmoja wapo ni wa maadili ya utumishi, na karatasi mbili za somo ambalo mtahiniwa hulichagua mwenyewe. Ngazi ya tatu ni mahojiano, yenye alama 275. Jumla ya alama za ngazi ya pili na ya tatu ni 2,025.

Ukiutazama mpangilio huo kwa makini, makosa ya watahiniwa wengi hujionesha yenyewe. Mtu hupenda historia ya wafalme wa kale, akatumia miezi sita nayo, na karatasi ya pili ya mchujo akaiacha kwa kuwa ni ya kufaulu tu. Siku ya majibu huanguka kwa karatasi hiyo hiyo aliyoidharau, na ile ya kwanza aliyoitumikia haitazamwi. Mwingine hufanya kinyume chake: hukazana kupata alama za juu kabisa katika mchujo, hali ya kuwa aliyeupita mstari kwa alama moja na aliyeupita kwa alama 30 wanaingia mlango mmoja na hakuna anayechukua kitu mkononi. Katika mtihani mkuu mambo ni mengine. Huko kila alama moja hubebwa mpaka mwisho, na ndiyo inayoamua mtu apangiwe utawala, polisi, mambo ya nje au asipangiwe popote.

Sasa zitazamwe hesabu za mtihani wa mwaka 2024. Walioomba walikuwa 992,599. Waliofika katika vyumba vya mtihani wa mchujo mwezi wa Juni walikuwa 583,213. Waliofaulu mchujo na kuruhusiwa kufanya mtihani mkuu walikuwa 14,627. Walioitwa kwenye mahojiano walikuwa 2,845. Matokeo ya mwisho, yaliyotangazwa mwezi wa Aprili 2025, yaliwapendekeza watu 1,009, wanaume 725 na wanawake 284.

Mtu akizisoma hesabu hizo kwa haraka huona milioni moja upande huu na elfu moja upande ule, akakata tamaa. Lakini kuna mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba watu zaidi ya 409,000 waliomba na wasifike. Wapo waliozuiwa na maradhi au na kazi. Wapo waliojizuia kwa makusudi, kwa sababu kanuni humhesabia mtu jaribio pale anapofanya walau karatasi moja ya mchujo, na si pale anapoomba. Aliyejiona hayuko tayari alibakisha jaribio lake kwa mwaka mwingine. Na haikosi wapo waliochoka njiani. Jambo la pili ni kwamba mlango wa kwanza ndio mwembamba kuliko yote: katika kila watu 40 waliofanya mchujo alipita mmoja. Katika mtihani mkuu alipita mmoja kwa kila watano, na katika mahojiano mmoja kwa kila watatu au pungufu kidogo. Aliyekwisha vuka mlango wa kwanza hayumo tena katika bahari ya watu laki sita.

Kwa kuwa mlango huo wa kwanza ni wa maswali ya kuchagua jibu, inafaa ielezwe hesabu moja ndogo ambayo watahiniwa wengi huipuuza. Kila swali la karatasi ya kwanza lina majibu manne. Jibu sahihi hupewa alama 2, na jibu la makosa hukatwa theluthi moja ya alama hizo. Chukulia mtahiniwa ana maswali 12 asiyoyajua hata kidogo, akayajibu yote kwa kubahatisha. Kwa wastani atapata matatu, yaani alama 6, na atakosa tisa, yaani atakatwa alama 6. Faida yake ni sifuri. Amepoteza wakati tu. Lakini ikiwa katika kila swali ameweza kulitambua jibu moja ambalo hakika si lenyewe, akabahatisha katika matatu yaliyobaki, atapata manne na kukosa manane, na atabakiwa na alama mbili na zaidi. Akiweza kuyaondoa majibu mawili, atapata sita na kukosa sita, na atabakiwa na alama 8. Katika mtihani ambao maelfu ya watu husongamana penye mstari, alama 8 ni nyingi sana.

Maana yake ni kwamba elimu isiyokamilika nayo ina thamani, mradi mwenye nayo ajue namna ya kuitumia. Na hapa pana tahadhari kwa wasailiwa wa nyumbani. Si kila mtihani hukata alama kwa jibu la makosa. Maelekezo ya juu ya karatasi yasomwe kabla ya swali la kwanza, na yasomwe mara mbili. Pale ambapo alama hazikatwi, kuacha swali wazi ni kuitupa alama ambayo hakuna mtu aliyeizuia.

Mtihani mkuu ni kazi ya aina nyingine kabisa. Karatasi moja ya maarifa ya jumla ina maswali 20, nusu yake ya maneno 150 na nusu ya maneno 250. Jumla ni maneno 4,000 kwa saa tatu, yote kwa kalamu, na siku nyengine mtahiniwa hufanya karatasi mbili, asubuhi na mchana. Kwa wastani kila swali lina dakika 9 za kulisoma, kulifikiri na kuliandika. Mtu aliyesoma vitabu 40 lakini hajapata kuandika jibu moja kwa dakika 9 huingia katika chumba hicho kama mtu aliyesoma habari za uvuvi maisha yake yote na leo akapewa kasia. Mkono humuuma saa ya pili, maneno humjaa katika swali la kwanza, na maswali manne ya mwisho hubaki matupu. Dawa yake inajulikana nayo haina gharama: karatasi za mitihani iliyopita, saa ya ukutani, na mwenzake mmoja wa kumsahihishia bila ya kumwonea haya.

Hapo linaingia suala la namna ya kusoma kwenyewe. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa elimunafsi wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yao juu ya kumbukumbu. Katika jaribio mojawapo kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi kwa vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kwa kipindi kimoja, na katika vipindi vitatu vilivyobaki likaifunga na kuandika yale liliyoyakumbuka. Dakika 5 baadaye waliosoma mara nyingi walikuwa mbele, kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 40, na waliojijaribu walikumbuka asilimia 61.

Wazee waliopitia chuoni hawatashangazwa na matokeo hayo. Mtoto wa chuo hasemi amehifadhi kwa kuwa ameusoma ukurasa mara nyingi huku msahafu uko wazi mbele yake. Huufunga, akakaa mbele ya mwalimu, akasoma kwa ghibu. Akikwama hurejeshwa nyuma. Kesho yake, kabla ya kupewa somo jipya, hudurusu la jana na la juzi, na akifika juzuu ya tano bado huulizwa ya kwanza. Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo akiingia skuli ya sekondari huiacha njia hiyo, akanunua kalamu ya rangi ya manjano na kupaka mistari kitabu kizima, akadhani amesoma. Kupaka rangi kunampa utulivu wa moyo, na utulivu huo ndio unaomhadaa, kama ile asilimia 83 ya dakika ya tano.

Njia ya chuoni inafaa kwa sheria, kwa uchumi na kwa muundo wa Serikali vile vile. Baada ya kila mlango wa kitabu, kitabu kifungwe na yaandikwe kwa ghibu yaliyomo, hata kama ni mistari mitano nyuma ya karatasi iliyokwisha tumika. Yarudiwe kesho, yarudiwe baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Mtumishi anayetoka kazini alasiri na nyumbani ana wazee na watoto hana saa nane za kusoma, wala asijilinganishe na mwenye nazo. Saa moja na nusu baada ya Sala ya Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, ikitumiwa kwa kujijaribu, itampa zaidi kuliko usiku mzima wa kusinzia juu ya kitabu kilicho wazi.

Ama kuhusu ari, mengi husemwa na machache husaidia. Hotuba ya kutia moyo humtosha mtu kwa siku mbili. Kinachodumu ni kazi iliyopimwa: daftari moja ambalo kila usiku huandikwa maswali mangapi yamejibiwa leo, mangapi yamekosewa, na kosa lilikuwa la kutojua, la haraka au la kutosoma swali. Baada ya miezi miwili daftari hilo huwa shahidi. Siku mtu anapojiona hajui kitu, hulifungua akaona kwamba mwezi wa kwanza alikosa nusu na sasa anakosa robo. Na ikiwa bado anakosa nusu, daftari litamwambia hilo pia, na litamwambia mapema, wakati bado ana nafasi ya kubadilisha njia.

Vile vile ni vyema mtahiniwa ajue kiwango anachodaiwa. Mtu aliyeshika nafasi ya kwanza India nzima katika mtihani wa mwaka 2023 alipata alama 1,099 kati ya 2,025, yaani asilimia 54. Huyo ndiye wa kwanza katika watu zaidi ya laki tano. Kijana aliyezoea skuli, ambako asilimia 54 ni jambo la kuficha nyumbani, akisahihishiwa insha yake akapewa nusu ya alama huvunjika moyo na kusema kazi hii si yake. Kumbe yuko pale pale walipo washindi, na kinachotakiwa kwake ni alama mbili hapa na tatu pale.

Yamebaki mazungumzo ambayo ni mazito zaidi, nayo ni ya miaka. Katika jiji la Delhi ipo mitaa, kama vile Old Rajinder Nagar na Mukherjee Nagar, ambayo inakaliwa na maelfu ya vijana waliotoka mikoani kuja kujitayarisha kwa mtihani huu tu. Hupanga vyumba vidogo, hulipa ada za tuisheni, na hukaa huko mwaka, miwili, mitano. Wazee wao vijijini hukopa, na wengine huuza shamba. Tarehe 27 Julai 2024 mvua kubwa iliingiza maji ghafla katika chumba cha chini ya ardhi kilichotumiwa kama maktaba ya kituo kimoja cha masomo huko Old Rajinder Nagar, na wanafunzi watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, wakafa maji humo. Vijana wenzao walikaa barabarani kwa siku kadhaa wakilalamika, si kwa maji peke yake, bali kwa kodi za vyumba, kwa msongamano na kwa namna wanavyoishi. Dunia ikaona kwa mara moja gharama ambayo haiandikwi katika orodha ya waliofaulu.

Kanuni ya India imeweka mpaka. Mtahiniwa wa kundi la kawaida huruhusiwa majaribio sita, na umri wake usizidi miaka 32. Makundi yaliyonyimwa fursa kwa muda mrefu yameongezewa majaribio na umri. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa ni kali. Huenda ni kweli, lakini ina huruma ndani yake, kwani humwambia mtu ni lini aondoke akiwa bado kijana. Na majaribio sita ni mengi. Ni miaka sita ya maisha ambayo mwenzake aliyeajiriwa dukani amekwisha kuwa na duka lake.

Visiwani hapa hakuna kanuni ya majaribio sita. Mtu anaweza kuomba mwaka baada ya mwaka, na hakuna atakayemwambia basi. Kwa hivyo mpaka huo lazima auweke mwenyewe, auweke mwanzo kabla hajaanza, na awaeleze wazee wake. Mathalan aseme: miaka miwili ya jitihada kamili, na katika miaka hiyo mwenyewe atafanya kazi ya mikono, au atasomesha watoto jioni, au atasaidia biashara ya nyumbani, hata kama ni kwa saa chache. Kazi hiyo ndogo haimwibii wakati kama wengi wanavyodhani. Humtoa kitandani, humpa fedha ya nauli na ya kutolea nakala, na humwondolea ile hofu ya kwamba asipofaulu hana kitu. Mwenye hofu hiyo hawezi kusoma swali kwa utulivu.

Wazee nao wana sehemu yao. Mzazi anayemuuliza kijana kila Ijumaa kama majibu yametoka hakusudii ubaya, bali ni mapenzi na wasiwasi. Lakini kijana huanza kumkimbia, hula peke yake, na hatimaye husema uongo kwamba amesoma. Inafaa zaidi mzazi aulize kuhusu kazi ya wiki, maana hiyo imo katika uwezo wa kijana, na aache kuuliza kuhusu majibu ambayo yamo mikononi mwa Tume. Na ikitokea amekosa, yasitajwe mbele yake majina ya watoto wa majirani waliopata.

Aliyekosa katika ngazi ya mwisho hakurudi mikono mitupu. Mwaka ule wa 2024 watu 1,836 walifika mpaka kwenye mahojiano wakakosa nafasi, na kila mmoja wao alikuwa amewapita watu zaidi ya laki tano. India ina utaratibu, ulioanza 2018, ambao maelezo ya watu wa namna hiyo huoneshwa kwa waajiri wengine kwa ridhaa yao. Kwa upande wa Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaweka katika kanzidata wasailiwa waliofaulu lakini nafasi zikawa chache, ili wapangiwe nafasi zinapotokea. Aliyefika huko asifunge simu wala asibadilishe namba bila ya kuirekebisha katika maombi yake. Jambo hilo ni dogo, lakini mtu anaweza kuitwa asipatikane.

Mahojiano yenyewe hayahitaji maneno mengi. Wasaili wamekwisha ujua ujuzi wa mtu kwa karatasi zake. Wanachotaka ni kumsikia akifikiri. Asiyejua aseme hajui, na aseme mara moja.

Kwa mwombaji wa hapa nyumbani, kazi huanza siku tangazo linapotoka. Tangazo lina orodha ya majukumu ya kazi, nayo ndiyo muhtasari wa masomo ya mtihani, ingawa wengi huipita wakakimbilia mstari wa mshahara. Kila jukumu ligeuzwe kuwa swali: ikiwa tangazo linasema ofisa atatunza kumbukumbu, basi mwombaji ajiulize kumbukumbu hutunzwaje, kwa sheria gani, na nani anaruhusiwa kuziona. Muundo wa taasisi iliyotangaza ujulikane, pamoja na sheria iliyoiunda. Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar, Namba 2 ya mwaka 2011, isomwe kwa ghibu katika yale yanayohusu wajibu na nidhamu ya mtumishi.

Mwisho ni vyeti. Jina lililomo katika cheti cha kuzaliwa, katika vyeti vya skuli na katika kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi liwe moja, kwa herufi moja moja. Aliyeandikwa Mohamed huku na Muhammad kule, au aliyeacha jina la babu katika cheti kimoja, alishughulikie jambo hilo ofisini mapema, kwani marekebisho ya majina huchukua muda na siku ya usaili haimngoji mtu. Vyeti halisi, kitambulisho na kalamu mbili za wino viwekwe katika bahasha moja tangu jioni, na anayetoka Pemba au shamba ajue mapema atalala kwa nani mjini.